Alama za Usinge na Bei ya Mfumo wa Bure

Nimestaafu majuzi, na tayari nimekwisha kusikia hadithi tatu kuhusu miaka yangu ya kazi. Katika ya kwanza mimi ni mchawi niliyezifufua kompyuta kwa kuzinong'oneza. Katika ya pili ni mkaidi niliyekataa kila kitu kilichonunuliwa bila ya kuulizwa mimi. Katika ya tatu ni shujaa aliyeuokoa ushirika wetu wa wafuga nyuki kutoka katika makucha ya kampuni za ng'ambo. Ya pili ina ushahidi. Hizo nyingine ndizo zilizonikalisha kuandika, ili ninyi mliobaki katika chumba cha kompyuta hapa Tabora mjini msije mkarithi uvumi pamoja na nyaya.

Jambo linalovumishwa zaidi ni lile la mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziruhusu programu nyingine zote kufanya kazi. Upo wa kulipia, ambao ukiununua hununui programu bali ruhusa ya kuitumia. Upo pia mfumo huria, ambao ni halali kuuchukua, kuugawa, na hata kuufumua ndani ukitaka kujua ulivyoshonwa. Kila mwaka kijana mmoja alinijia kuuliza upi bora na upi nafuu, akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kuchagua jibu na anatafuta shahidi. Majina ya kampuni sitayataja. Hazikunilipa nizisifu, na kuzitukana bure ni kuzidisha ukarimu.

Niliingia ushirikani nikiwa karani wa ghala la asali, nikahamishiwa kwenye kompyuta kwa sababu nilikuwa mtu pekee ghalani aliyejua kupiga taipu kwa vidole vyote. Kompyuta ilikuwa moja. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na Mwenyekiti wa wakati ule aliamuru kila aingiaye avue viatu. Watu waliingia peku, wakaitazama, wakatoka wamejaa heshima na vumbi la sakafuni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika barua ya kuishukuru taasisi iliyotupa kompyuta.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Mrisho, fundi redio wa mjini ambaye ushirika ulimpa mamlaka juu ya kila kitu chenye waya, ikiwamo pasi ya Mwenyekiti. Hakuwa mpole. Alikuwa na daftari lililogawanywa kwa mstari wa wino mwekundu: upande wa kushoto "Nimeona", upande wa kulia "Nimeambiwa". Wiki yangu ya kwanza nilimkimbilia.

"Shikamoo Mzee. Kompyuta imekufa."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Haiwaki, Mzee."

"Hilo umeliona. Kufa umeambiwa na nani?"

Tulikwenda kutazama. Mfagizi alikuwa ameuchomoa waya wa kompyuta ili apate pa kuchomeka birika la chai. Mzee Mrisho aliandika upande wa kushoto, "Birika," akanipa daftari nilisome mpaka nielewe, akanywa chai. Nilikuwa nimesoma shule nzuri na kufaulu vizuri, na hakuna mtihani ulionifundisha kama neno hilo moja.

Mtu wa pili mnayepaswa kumjua ni Bi. Zuhura, mtunza rejista ya wanachama. Alinizidi miaka minne tu, na kwa miaka hiyo minne akanitoza shikamoo kila asubuhi bila ya msamaha. Alikuwa mwenyeji wa mjini tangu mababu, amekulia katika nyumba ya washona kofia, na vidole vyake vilikuwa vimezoea kurudia nakshi ileile mara mia bila ya kuitazama. Mimi niliijua kompyuta. Yeye aliwajua watu waliokuwa ndani yake.

Tofauti hiyo ina maana, kwa hiyo nieleze kidogo. Mfuga nyuki wa misitu yetu huchonga alama yake kwenye mzinga kabla ya kuupandisha mtini: mistari miwili na nukta, mguu wa kanga, mwezi uliolala chali. Alama hurithiwa. Asiyejua kusoma huitambua alama ya jirani yake kwa mbali, na mwizi huitambua kwa mbali zaidi. Rejistani tulikuwa na akina Kashindye Mussa wanne, wawili wa kikundi kimoja cha Usinge, na akina Ramadhani Juma ambao sikuthubutu kuwahesabu. Jina lilikuwa la kuitikia tu. Mtu mwenyewe alikuwa alama.

Kompyuta zilipoongezeka, zikafika zama za wizi wa adabu. Vitabu hulinganisha mfumo wa kulipia na mfumo huria kana kwamba mmoja hulipiwa na mwingine haulipiwi. Tabora hatukuwa na tatizo hilo. Mjini palikuwa na fundi aliyekuwa na diski moja ya mfumo wa kulipia, na namba ya leseni yake alikuwa ameiandika ukutani kwa chaki, juu ya bei ya kuchaji simu. Kwa shilingi elfu kumi "alipiga windo", kama walivyosema, yaani aliuweka mfumo huo, na kompyuta ikarudi ikidai kwa herufi kubwa kwamba ni mali halali. Kwa hiyo kwa miaka mingi tulikuwa tukilinganisha vitu viwili vya bure, kimoja kimeibwa na kingine kimetolewa, na tukikipendelea kilichoibwa kwa sababu kilionekana ghali.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya kuiba ndiyo kabisa. Mfumo ule haukuthubutu kupokea marekebisho ya usalama kutoka kwa wenyewe, usije ukatambulika, na virusi vikaingia kwa kila flashi iliyotoka kwa wapiga picha za harusi. Asubuhi moja mafaili yote ya rejista yaligeuka kuwa vivuli visivyofunguka. Nilihangaika siku mbili kuyarudisha. Wakati huo mnunuzi wetu wa ng'ambo alikuwa ameanza kudai kwamba kila pipa la asali liwe na orodha inayoonyesha limetoka kwa nani na katika kitalu gani cha msitu. Bodi iliogopa, na kwa mara ya kwanza ikaniita mkutanoni kwa jambo lisilokuwa kipaza sauti.

Mwenyekiti wetu sasa alikuwa Mzee Luhende, mfugaji kutoka Ziba, mtu aliyepima hoja zote za dunia kwa ng'ombe. Nilikuwa nimetayarisha jedwali. Upande mmoja nilionyesha bei ya leseni kwa kila kompyuta, pamoja na kompyuta mpya ambazo tungelazimika kununua, kwa kuwa toleo jipya la mfumo wa kulipia lilikuwa zito kwa mashine zetu kuukuu. Upande wa pili nilionyesha mfumo huria: leseni hakuna, mashine zilezile, marekebisho ya usalama wakati wote.

"Huo wa bure," akasema Mwenyekiti, "umetengenezwa na nani?"

"Na watu wengi, Mwenyekiti. Wako nchi mbalimbali."

"Wanalipwa?"

"Wengine wanalipwa. Wengine wanapenda tu."

"Kasele, mimi natoka Ziba. Kwetu mtu akikupa ng'ombe bure, ujue mwenyewe yuko njiani anakuja na fimbo."

"Ng'ombe huyo ndiye tunayemkamua sasa, Mwenyekiti. Huyu ninayemleta ana kibali."

Mjumbe mmoja alicheka mpaka akakohoa. Mwenyekiti hakucheka, lakini aliandika kitu, na nilijua nimeshinda. Mji wetu umeona misafara mingi ikipita na wageni wengi wakishusha bidhaa na masharti. Kwa asili hatuamini kitu kisichokuwa na masharti, na nadhani tuko sahihi. Masharti yalikuwapo. Mimi tu ndiye sikuyaona, kwa kuwa nilikuwa nimeyatafuta katika safu ya bei.

Chini kabisa ya jedwali langu kulikuwa na mstari niliouandika kwa haraka: "Watumiaji: mafunzo ya siku mbili." Usomeni tena mstari huo. Mwanaume mwenye elimu yake, aliyelelewa na daftari la Mzee Mrisho, aliandika habari za watu wazima kana kwamba ni vishikizo vya kushona upya.

Nilianza kuweka mfumo mpya wakati Bi. Zuhura yuko likizo Kigoma kwenye harusi ya mpwa wake. Niliona ni nafasi nzuri, maana angerudi akute kila kitu kiko tayari. Kabla ya kuifuta kompyuta yake nilimuuliza Mwenyekiti kama kuna chochote kilicho nje ya folda la rejista.

"Kila kitu kimo humo," akasema. "Zuhura mwenyewe huniambia."

Nimeambiwa kwamba ameambiwa. Mzee Mrisho alikuwa amekwisha kufariki, vinginevyo angenipiga kwa daftari. Nilinakili folda, nikalifungua jalada la kwanza, nikaona majina na namba za mapipa vimo, nikafuta vingine vyote. Vilikuwa na virusi, na mimi nilikuwa na furaha, na hivyo viwili vikikutana mtu hafikiri sana.

Bi. Zuhura alirudi Jumatatu. Nilikuwa nimemwekea picha ya waridi kwenye kioo, kama namna ya kuomba radhi mapema.

"Shikamoo, Bi. Zuhura."

"Marahaba. Hili ua la nani?"

"La kukukaribisha."

"Nimefiwa?" Alikaa, akashika kipanya kwa ncha za vidole kama mtu anayemnyanyua panya halisi. Alifungua rejista. Nilisubiri asifu kasi. Alishuka mstari kwa mstari mpaka chini, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kasele, umewapeleka wapi watu wangu?"

Nikainama. Majina yalikuwapo. Namba za mapipa zilikuwapo. Lakini katika safu ya alama, ambapo pangekuwa na miguu ya kanga na miezi iliyolala, kulikuwa na vijisanduku vitupu, vyote sawa, kuanzia juu mpaka chini.

Ndipo aliponieleza kitu alichokuwa amekifanya mbele ya macho yangu kwa miaka. Daftari la awali la alama lilipoanza kuliwa na mchwa, alikuwa amegundua ndani ya mfumo wa zamani kijiprogramu cha kujichorea herufi zako mwenyewe. Alizichora alama zote, moja moja, kwa vijinukta, kama anavyoshona kofia, kila moja ikawa herufi anayoweza kuiandika mahali popote. Daftari lilipokwisha kabisa hakuna aliyelililia. Na hata orodha ya vitalu vya msitu haikuwa na majina, ilikuwa na alama tu, kwa kuwa majina, kama alivyosema, "ni ya kuchanganya watu." Mimi nilikuwa nikiziona alama zile kwenye karatasi zake zilizochapwa, nikidhani ni vipicha alivyovibandika. Sikuwahi kuuliza. Michoro yenyewe ilikuwa imehifadhiwa tumboni mwa mfumo, si ndani ya folda, na tumbo hilo nilikuwa nimelisafisha kwa mikono yangu.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo lori la mnunuzi lilikuwa linakuja kuchukua asali ya Usinge.

Mama Nyamizi, mwenyekiti wa kikundi cha Usinge, alifika Jumanne. Alikuwa amefikia kwa dada yake mtaa wa Cheyo, akaja kwa miguu, khanga kichwani na nyingine kiunoni, akitabasamu. Alitusalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," nikamwitikia, kisha nikamweleza. Tabasamu halikuondoka mara moja. Liliondoka taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Bila orodha inakuwaje?" akauliza.

"Inachukuliwa," nikasema, "lakini inamiminwa kwenye tangi la pamoja. Inaandikwa asali ya mchanganyiko."

"Jina la Usinge?"

"Haliandikwi."

"Miaka mitatu, Bwana Kasele. Miaka mitatu nimewakataza watu wangu kurina kwa moshi wa mpira. Nimewakataza kulima tumbaku karibu na mizinga. Shemeji yangu hasemi nami mpaka leo kwa sababu ya tumbaku. Nikawaambia, mtaona, asali yetu itaitwa kwa jina lake. Leo niende nikawaambie jina limefutwa na kompyuta?"

"Kompyuta haikufuta," akasema Bi. Zuhura bila ya kuniangalia. "Kompyuta haina mikono."

Kuwafuata wanachama msituni kulikuwa hakuwezekani kwa siku mbili. Wengi walikuwa kambini kwenye mizinga, ambako simu huwa tochi tu. Niliwaomba wanipe saa moja, nikafunga mlango, na nikafanya nilichopaswa kufanya kabla. Nilitazama.

Vijisanduku vilikuwa sawa kwa macho, lakini si kwa kompyuta. Chini ya kila kimoja kulikuwa na namba yake ya siri, na namba hizo hazikuguswa. Kilichopotea kilikuwa umbo tu. Nafasi ya kila mtu ilikuwa palepale, ikisubiri uso wake. Na namba zilifuatana. Nikatoka nikamuuliza Bi. Zuhura alizichora kwa utaratibu gani.

"Kama zilivyokuwa daftarini. Usinge ndio waliotangulia."

"Unaukumbuka utaratibu wa daftari?"

"Kwa kichwa? Hapana. Nipe karatasi."

Nilimpa karatasi ya mirabamiraba. Alishika kalamu, akatazama ukutani badala ya karatasi, na mkono ukaanza kwenda. Alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipokwama hakujikuna kichwa. Alirudi nyuma alama tano, akazichora tena kwa haraka, na ya sita ikatoka yenyewe, kama mshonaji anayerudia mshono ili apate njia. Mama Nyamizi alikuwa amevuta kiti karibu.

"Huyo ni Hamisi wa mtoni," akasema. "Huyo ni mama yake Shija. Huyo... huyo ni mkaidi, msimuandike."

"Anaandikwa," nikasema. "Anaitwa nani?"

Nilikuwa nimeketi nimewapa mgongo, nikitazama kioo ambacho wao hawakukiona. Kwa kila alama Mama Nyamizi alitaja jina, nami nikalilinganisha na jina lililoandikwa kando ya namba ya zamu hiyo. Sikuwaambia nilichokiona mpaka waliposema. Yalilingana. Mikono ya mmoja, macho ya mwingine, na namba ambazo hazikuwajua wote wawili. Huo ndio ushahidi, vijana. Mengine ni mazungumzo.

Tulikwama kwa akina Kashindye Mussa wa Usinge, wawili, jina lilelile, alama zinazofuatana. Bi. Zuhura hakuwa na hakika ipi ilitangulia.

"Mmoja ni mrefu, mmoja mfupi," akasema Mama Nyamizi.

"Rejista haipimi urefu, mama."

"Basi inapima nini?"

"Mapipa. Mmoja ameleta mapipa saba, mwingine mawili."

Akapiga kofi la furaha, akagusa mojawapo ya zile alama mbili. "Mawili ni yule mrefu! Nyegere walimvunjia mizinga. Alikwenda kuwasubiri na panga, wakamfukuza yeye. Mtu mrefu vile, kapanda mti na mchana kutwa hakushuka!"

Bi. Zuhura alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kumwona akicheka, na nilikubali kwa moyo mkunjufu kwamba katika kicheko hicho anicheke na mimi.

Jumatano nzima ilikwenda kwenye kuchora ndani ya kompyuta. Katika mfumo huria nilipata programu ya kutengenezea fonti, yaani maumbo ya herufi, bila malipo na bila kuombwa namba ya ukutani. Nilimketisha Bi. Zuhura mbele yake nikitarajia siku mbili za mafunzo nilizoziandika katika jedwali. Ilimchukua muda wa kikombe cha chai. Hakuwa na tatizo na mfumo mpya. Tatizo lake lilikuwa nami, kwa kuwa nilimnyang'anya kazi yake bila hodi, na hilo halina mafunzo.

Printa yetu ilikuwa ya polepole, kwa hiyo wakati orodha inatoka niwape ile hukumu mnayoitaka kila mwaka. Mfumo huria ulituokolea bei ya leseni na ukazipa mashine kuukuu miaka mingine ya uhai, hayo nimeyaona. Ulinigharimu printa mbili zilizokataa kuuelewa, wiki nzima za kupakua vifurushi kwa mtandao wa kukatika, na nywele kadhaa. Programu ya mkaguzi wetu wa nje iligoma kufanya kazi humo, kwa hiyo tukanunua leseni moja halali ya mfumo wa kulipia, ya kwanza katika historia ya ofisi, na yule fundi wa diski moja akaja kuitazama kama mtu anayetazama sarafu ya kale. Mfumo wa kulipia una mafundi kila kona, na hilo ni jambo kubwa siku ambayo mimi naumwa. Kwa haki, katika mkasa huu haukuwa na kosa lolote. Uliitunza michoro ya Bi. Zuhura kwa miaka bila kinyongo, ingawa tuliuiba. Je, michoro ile ingehamishika kwenda mfumo mwingine? Sijui. Nilikuwa nimekwisha kuifuta, kwa hiyo sisemi ingehamishika wala haingehamishika. Watetezi wa mfumo huria wana bidii ya waongofu wapya, na wauzaji wa ule mwingine wana suti. Msiwasikilize wote wawili kabla hamjakaa siku nzima kando ya mtu anayefanya kazi yenyewe. Gharama ya mfumo ni kile utakachokivunja ukiuweka.

Alhamisi asubuhi karatasi zilikuwa mezani. Mkaguzi wa mnunuzi, kijana mnyamavu mwenye buti safi, alikuwa akingoja nje kando ya lori. Mama Nyamizi alitakiwa kuweka sahihi kwa niaba ya kikundi. Alipitia kila ukurasa kwa kidole, polepole, midomo ikitembea. Kwenye ukurasa wa tatu kidole kilisimama.

"Huu mwezi umesimama," akasema. "Wa Mzee Ndaki umelala chali. Huu wenu ni wa ukoo mwingine kabisa, na hawapatani."

Mwenyekiti alitazama saa. "Mama, lori linangoja. Ni kamstari tu."

"Basi kapinde wewe mwenyewe mbele ya watoto wa Mzee Ndaki."

Bi. Zuhura alikuwa amekwisha kukaa. Aliulaza mwezi, tukachapa ukurasa upya, Mama Nyamizi akaukagua tena kuanzia mstari wa kwanza kana kwamba hakuwahi kuuona, ndipo akatia sahihi. Mkaguzi alilinganisha mapipa na orodha, moja baada ya jingine, akipita kati yao na kalamu yake. Alipofika la mwisho alifunga jalada, akawaashiria wapakiaji. Kwenye kila pipa alikuwa amebandika karatasi yenye neno moja kubwa: Usinge.

Sikumwona Mama Nyamizi akifurahi. Aliingia tena ofisini.

"Hizo alama nazitaka. Zote za kwetu. Pale shule ya Usinge wana kompyuta."

"Hizo ni mali ya ofisi," akasema Mwenyekiti.

"Mzee Luhende, shikamoo yako naijua. Lakini alama hizi zilikuwa juu ya miti kabla ofisi yako haijapata mlango."

Mwenyekiti alinigeukia. "Kasele, leseni inasemaje?"

"Mfumo unaruhusu, Mwenyekiti. Na fonti si ya mfumo, wala si yetu."

Alifikiri, nadhani kwa kutumia ng'ombe, akatikisa kichwa kukubali. Nilinakili fonti ya Bi. Zuhura kwenye flashi, pamoja na mfumo wenyewe iwapo shule ingeuhitaji, nikaihakiki mara mbili, nikampa. Aliifunga kwenye pindo la khanga, akakaza fundo kwa meno. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori, kwa kuwa mkaguzi alikuwa amekubali kumshusha njiani, na kwa kuwa nilikuwa nikitafuta namna ya kuomba radhi ambayo haingekuwa hotuba.

Alikanyaga kipandio, akageuka.

"Bwana Kasele, na alama yako wewe ni ipi? Sikuiona."

"Mimi sina mzinga, mama."

"Ndiyo maana ulitusahau," akasema, akavuta mlango.